Hakuwa na Kadi ya Chanjo

"Dada, kadi yako ya chanjo iko wapi?"

Paskalina akamsogezea karani pasi na tiketi kwa mara ya pili, kama hakusikia. Alitoka Geita alfajiri, nywele mpya, kapendeza. Anakwenda Ghana kwa mchumba wake Pantaleo, fundi wa mitambo kwenye mgodi wa dhahabu huko. Jumamosi wafunge ndoa. Ng'ombe wa mahari walishafika kwao, na kanisa zima lilimuaga.

Karani wa uwanja wa ndege Mwanza hakuwa mtu mbaya. Alimweleza taratibu kwamba Ghana haingii mtu asiyechanjwa homa ya manjano, na chanjo yenyewe lazima iwe imetimiza siku kumi. Akamuuliza kama hakuulizia kabla ya safari.

Aliulizia, jamani. Alimuuliza Pantaleo mara mbili, na zote akajibiwa kwa meseji: "Pasi na tiketi vinatosha mke wangu. Mengine niachie mimi." Naye akaacha. Kwenda kuuliza hospitali ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, lakini mtu ukishapenda unaona kuhakikisha ni kumdharau mwenzio.

Akajitenga pembeni, akapiga simu.

"Panta, wamenizuia."

Akamsikia anashusha pumzi.

"Pole mama. Siku kumi si nyingi. Rudi nyumbani kwanza, utulie."

Paskalina akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Sijakwambia habari ya siku kumi."

Akaitazama tiketi mkononi mwake.

"Ulijua nisipochanjwa sipandi ndege?"

"Nilijua." Sauti ilikuwa ndogo. "Paska, kuna mtu hapa. Ana mimba yangu, miezi mitano. Kila nikitaka kukwambia nashindwa."

"Na tiketi ulinikatia ya nini?"

"Niliona heri wakurudishe wao kuliko mimi."

Akakaa juu ya begi lake katikati ya watu. Hilo lilimuuma kuliko hata mimba. Mwanamume mzima amekaa akapanga, ili karani wa watu ndiye amwache kwa niaba yake.

"Mama nitamwambia nini?"

"Mwambie ni kadi."

Na ndivyo alivyomwambia. Angesema nini, na mama ana presha? Mama akalia, akamgombeza: umesoma, unashindwaje kuulizia jambo dogo kama hilo? Mama wadogo wakadakia, mtaa mzima ukamsema kwa uzembe wake. Paskalina akaomba msamaha kwa kila aliyemlaumu.

Kesho yake mama akampeleka mwenyewe kuchanjwa. Mama akaikunja kadi, akaitunza kwenye Biblia yake, akawa anahesabu siku. Pantaleo hakupatikana tena kwenye simu.

Siku ya kumi mama akamwamsha mapema, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ng'wanawane, mwanangu, siku zimetimia. Mwambie mkwe wangu akate tiketi nyingine."

"Sawa mama," Paskalina akajibu.