Pini Mdomoni mwa Fundi Usumani

Fundi Usumani ana cherehani yake mtaani Nyamirambo, kwenye baraza ya nyumba. Anashona vizuri, hilo hakuna anayebisha. Lakini kila jioni analalamika mpaka mkewe, Mukandekezi, anachoka.

"Watu wa siku hizi hawana adabu! Wanaingia, wanaondoka bila kuaga. Zamani haikuwa hivi."

Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa Kicukiro, jina lake Béatha. Mpwa wake alikuwa anaolewa. Alitaka nguo za wanawake wote wa ukoo. Kazi kubwa hiyo, jamani!

"Muraho, fundi," alisalimia, akikunjua kitambaa. "Habari za hapa? Nina kazi ya harusi."

Usumani alikuwa na pini mdomoni. Aliinua kidevu tu, akaendelea kushona. Béatha akasalimia tena. Kidevu kikainuka tena. Béatha akakunja kitambaa chake, akatoka.

Usumani akatema pini. "Mmemwona? Hata kwaheri hakusema!"

Jirani yao Gahongayire, anayefundisha watu wazima kusoma, alikuwa hapo akisubiri sketi yake. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Wewe, Usumani! Amekusalimia, umemjibu kwa kidevu!"

"Nilikuwa na pini mdomoni. Ungetaka nizimeze?"

"Yeye atajuaje? Ameona umemdharau. Na pini mdomoni ni hatari, siku moja utaimeza kweli. Shona kimto kidogo, ukifunge mkononi, pini zikae huko. Mtu akiingia, acha cherehani. Simama, mpe mkono, muulize habari za nyumbani. Kazi itafuata."

Usumani aliona aibu. "Kumbe asiye na adabu ni mimi."

"Na kazi ya harusi imekwenda!" alisema Mukandekezi kutoka ndani, kwa uchungu. "Mkimbilie, Baba Shami! Hajapanda basi bado."

Usumani alitoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alimkuta Béatha kituoni. Akampa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kigasha, kama wazee walivyomfundisha.

"Muraho, mama. Nisamehe sana, nilikuwa na pini mdomoni. Habari za nyumbani? Watoto? Bibi harusi hajambo?"

Béatha alimtazama, kisha akacheka. "Kumbe unaongea! Hajambo. Haya, twende unipime."

Siku ya harusi wanawake wote wa ukoo walipendeza. Wakwe wakauliza, "Nani amewashonea?"

"Kuna fundi Nyamirambo," alijibu Béatha. "Ukiingia kwake, anasimama."