Usimnyanyue Luhende

Jua lilikuwa linazama nilipopanda bodaboda kutoka Kanyenye kwenda Isevya kupiga picha ya picha. Ndiyo, picha ya picha. Mteja wangu, Mama Kashindye, alikataa katakata kuitoa ile picha ukutani niende nayo ofisini. "Njoo na simu yako uipige hapohapo ilipo," alisema. Nikanuna njia nzima.

Mimi naitwa Veneranda. Natengeneza tovuti, mimi na mdogo wangu Sixbert, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge. Mama Kashindye anauza asali ya misitu ya huku kwetu, na alitaka tovuti ya kuitangaza pamoja na historia ya ukoo wao. Tukamwandalia sampuli mbili. Ya kwanza imetulia: picha zimekaa, maneno yamekaa, unasoma unaondoka. Ya pili ina plagini, yaani vile vipande vya programu unavyovipachika ili vitu vicheze. Picha zinateleza, nyuki wanaruka, na watu wa kwenye picha za zamani wanapepesa macho na kugeuza shingo kana kwamba wako hai.

Sixbert aliitaka ya kwanza. Mimi niliitaka ya pili. Nasema mapema ili msije mkamlaumu yeye.

Sebuleni kwa Mama Kashindye palinukia nta na asali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile pale."

Ilikuwa juu ya mlango wa ndani. Mwanamume mwembamba, kifua wazi, amekaa kwenye kigoda. Karibu na mguu wake kuna mzigo mrefu uliofungwa kwa kamba za magome ya miti. Nyuma yake njia ya vumbi imenyooka mpaka inapopotelea.

"Huyo ni Luhende, babu yake babu yangu," Mama Kashindye akasema. "Alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, akarudi, akaenda tena. Safari ya mwisho alifia njiani, mzigo kichwani."

"Poleni," nikasema, macho yangu kwenye simu.

"Alikufa asijue kama amekufa. Akaendelea kutembea. Wenzake wakawa wanamsikia nyuma ya msafara, siku baada ya siku. Ndipo ukoo ukatoka na kigoda chake mpaka barabarani, wakamwita, wakamwambia: kaa, umefika. Wakamkalisha." Akanitazama mpaka nikashusha simu. "Kwa hiyo picha yake haitolewi hapo. Na mbele yake hakuna mtu anayesema twende. Hata watoto wa nyumba hii wanajua. Ukitaka kuondoka, unanyanyuka kimya, unatoka."

Nikamwonyesha ile sampuli ya pili. Nyuki wakaruka kwenye kioo cha simu, akacheka mwenyewe.

"Nyuki sawa. Lakini Luhende, hapana. Yeye akae."

"Sawa, Mama."

Sawa ya mdomoni hiyo. Moyoni nilisema, huyu bibi anataka kunifundisha kazi? Maana mimi kiburi sijaanza jana.

Nikarudi ofisini nikamkuta Sixbert anapanga picha za mizinga. Nikamweleza.

"Basi dada, kama amesema akae, tumwache akae."

"Wateja wote husema hapana mpaka waone. Akiona atapenda."

Nikamtia Luhende kwenye plagini. Chini ya picha yake nikaweka kitufe, ili mgeni wa tovuti akikibonyeza aanze safari ya asali kutoka msituni mpaka kwenye chupa. Kitufe kinahitaji neno. Nikaandika kwa mikono yangu hii: Twende.

Wala sikushtuka. Nilikuwa nishasahau! Ndivyo unavyosikiliza watu wakati una haraka zako.

"Hebu jaribu wewe," nikamwambia Sixbert. "Mimi macho yamechoka."

Akabonyeza.

Luhende akapepesa macho. Hiyo ni kazi ya plagini. Akageuza shingo kulia, akageuza kushoto. Hiyo nayo ni plagini.

Kisha akainama, akashika mzigo wake.

"Dada... umeongeza nini hapa?" Sixbert akanong'ona.

"Sijaongeza kitu."

Na kweli sikuwa nimeongeza. Plagini ile inajua macho na shingo, basi. Mikono haijui. Kunyanyuka haijui kabisa.

Luhende akanyanyuka.

Akajitwika mzigo, akatazama nje ya kioo. Hakunitazama mimi. Alimtazama Sixbert, kwa muda mrefu, kama mtu anayempima mwenzake nguvu. Halafu akatoka upande wa kulia wa picha. Kikabaki kigoda na njia ya vumbi.

Hapo ndipo harufu ilipoingia chumbani. Jasho... jasho la siku nyingi, na vumbi kavu, na tumbaku kali ya kutafuna. Mlango ulikuwa umefungwa.

Nikaifunga kompyuta kwa nguvu. "Hitilafu tu," nikasema. "Twende nyumbani tukale."

Jamani. Nikalirudia tena, kwa mdomo wangu.

Sixbert alikula kidogo, akalala mapema. Mimi nikajifunika shuka mpaka kichwani. Niliogopa, lakini nilikuwa dada mkubwa, nikaona aibu kusema.

Alfajiri nikakuta kitanda chake kitupu. Simu yake iko mezani. Mlango wa nje uko wazi, na upepo unaingiza vumbi ndani.

Jirani yetu anayekaanga maandazi alikuwa ndiyo kwanza anakoleza moto.

"Sixbert? Kapita hapa sasa hivi. Nimemsalimia, hakuitika. Mikono kaiweka juu ya kichwa, hivi, kama kabeba kitu." Akaonyesha upande wa mashariki. "Wameelekea kule."

"Wameelekea? Na nani?"

Akaweka kijiko chini.

"Kumwona nilimwona yeye peke yake. Lakini hatua zilikuwa za watu wawili."

Nilikimbia mpaka Isevya, kompyuta nimeikumbatia kifuani. Mama Kashindye alifungua mlango kabla sijabisha. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinyoosha tu kidole juu ya mlango wa ndani.

Kwenye picha ya ukutani, kigoda kilikuwa kitupu.

"Nani alisema?" akauliza.

"Niliandika mimi. Alibonyeza Sixbert."

"Basi ndiye aliyekubali safari."

Nikafungua kompyuta mezani kwake. Tovuti ilikuwa bado inacheza. Njia ileile ya vumbi, na juu yake watu wawili wanatembea. Luhende yuko mbele, mikono mitupu. Nyuma yake yuko mdogo wangu na fulana yake ya bluu aliyolala nayo, amejitwika ule mzigo. Shingo inamtetemeka. Midomo inacheza, ila sauti haitoki.

Nikaanza kulia kwa kwikwi. Nikapeleka mkono niizime. Mama Kashindye akaudaka.

"Ukiisimamisha wakiwa wanatembea, atabaki njiani, hutampata tena. Tulia, mwanangu. Wapagazi hupumzika. Luhende atakaa, na mdogo wako atatua mzigo. Ukiuona umegusa chini, hapohapo weka ile iliyotulia. Siyo kabla."

Nikaandaa ile sampuli ya kwanza, ile aliyoitaka Sixbert. Ikabaki kubonyeza mara moja tu. Tukasubiri.

Jua likachomoza. Likapanda. Ile harufu ya jasho ilikuwa imejaa sebule nzima, na kutoka kwenye kompyuta, ambayo spika zake ziliharibika tangu mwaka jana, nilisikia hatua. Taratibu. Mbili nzito, mbili nyepesi.

Kisha pembeni ya picha kikatokea kigoda.

Luhende akakifikia. Akakaa, akashusha pumzi. Sixbert akasimama mbele yake, akapiga magoti, akakaa mavumbini. Mikono ikaushika mzigo...

"Bado," Mama Kashindye akanong'ona.

Mzigo ukanyanyuka kidogo kutoka kichwani.

"Bado..."

Luhende akaweka viganja vyake juu ya magoti. Mnaijua ile namna ya mtu anayetaka kunyanyuka? Anajiegemeza, mgongo unainama mbele. Nikaona anaondoka. Nikaona anamchukua mdogo wangu mbele ya macho yangu.

Nikabonyeza.

"Bado!"

Kile kiduara cha kungojea mtandao kikazunguka. Kikazunguka. Kikazunguka...

Picha ikaganda.

Luhende amekaa kwenye kigoda chake. Sixbert amekaa mavumbini, mikono juu, na mzigo uko kichwani mwake. Niliinua macho ukutani. Picha ya ukutani nayo ilikuwa hivyohivyo. Watu wawili.

Mama Kashindye akajishika kichwa. "Alikuwa anajinyoosha tu, mwanangu," akasema. "Mtu mzima akikaa hujinyoosha."

Vijana wa mkaa walimkuta Sixbert mchana, mbali nje ya mji, amekaa kando ya barabara ya mashariki. Yu hai. Kwa hilo nilimshukuru Mungu kwa sauti, barabarani, watu wakanishangaa.

Huu sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Madaktari wamempima kila kitu, hawaoni ugonjwa. Ukimlisha anakula. Kusimama hasimami. Mikono yake iko juu ya kichwa usiku na mchana. Ukiishusha inapanda tena. Na shingo inazama. Mwanzoni nilijifariji kwamba ni macho yangu, lakini sasa kola ya shati inamfika masikioni. Haongei, isipokuwa kila magharibi anasema maneno mawili, kwa sauti ndogo, kama tulipokuwa watoto tukitoka kuchota maji.

"Dada... nitue."

Nimejaribu. Nimepapasa juu ya kichwa chake na hakuna kitu, ila viganja vyangu vinatoka na vumbi. Nilijaribu kuufuta mzigo kwenye picha, kwenye kompyuta. Nilipogusa ukingo wake tu, akapiga ukelele kule kitandani ambao sitaki kuusikia tena. Nikaacha.

Nilimwuliza Mama Kashindye nifanye nini. Alikuwa mkweli. "Ikiendelea kutulia, ataubeba mpaka umwue. Ukiirudisha ile inayocheza, atautua. Lakini Luhende akishapumzika, sijui kama atakubali kukaa, au atataka wafike pwani. Na mara hii sidhani kama atapumzika tena njiani."

Kwa hiyo nimekaa na zile sampuli mbili. Zamani nilikuwa nawaambia wateja kuchagua ni jambo la dakika tano. Nimechagua iliyotulia kila siku kwa miezi minne, na kila siku nimemwona mdogo wangu anapungua kimo. Mimi ni mwoga. Nasema wazi. Namtaka awepo, hata hivyo alivyo, kuliko asiwepo.

Mama yetu mzazi alikuja kutoka Ziba wiki tatu zilizopita. Tangu afike anamkanda Sixbert shingo kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, bila kuniuliza lolote. Nilidhani hajui. Kumbe Mama Kashindye alishamweleza.

Leo magharibi Sixbert aliposema yale maneno yake, Mama aliweka kitambaa chini, akaniita uani.

"Ile ya kutembea, bado unayo?"

"Ninayo, Mama."

"Iandae. Kesho alfajiri, kabla jua halijawa kali."

"Mama, anaweza asirudi! Pwani ni mbali, watatembea miezi, hakuna wa kumpa hata maji..."

Aliingia ndani, nikamfuata. Akatoa kwenye mfuko wa plastiki raba mpya, pea mbili. Moja akaiweka chini ya kitanda cha Sixbert, akaipanga vizuri, kulia na kushoto.

Ya pili akakaa chini, akaanza kuijaribu miguuni mwake.