Jiwe la Ornella

Jua lilikuwa linazama Kanyere alipoficha panga ndani ya kitenge, akatoka kwenda kuiba jiwe.

Jiwe hilo lilikuwa kwenye ukuta ulio kando ya barabara ya Mbau. Watu waliujenga kwa mikono yao, kwa ajili ya ndugu waliochukuliwa na waasi mashambani wasionekane tena. Huna maiti ya kuzika? Leta jiwe. Unalishindilia kwenye udongo mbichi, unataja jina la mtu wako, basi, amezikwa. Humtafuti tena.

Kanyere alikataa katakata. Alipokuwa Butembo akimtafuta bintiye Ornella, wa miaka tisa, kaka yake Zorobabel akapeleka jiwe na kutaja jina. Eti anampunguzia dada mzigo! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na leo asubuhi msichana aliyetoroka kutoka porini kwa waasi alimwambia, "Ornella iko muzima, mama. Lakini kila akitaka kukimbia, miguu inakuwa nzito sawa jiwe."

Alipofika ukutani alilitambua upesi, kama Zorobabel alivyomweleza. Lilikuwa na konokono ndani yake, konokono wa zama za kale aliyegeuka jiwe. Akachokoa udongo kwa ncha ya panga mpaka likatoka. Lilikuwa na joto, joto la mtoto mwenye homa.

Mbali, upande wa Mbau...

"Mama..."

Sauti ya Ornella!

"Mama... ninakuya..."

Miguu mitupu ilikuwa inakimbia barabarani. Karibu. Karibu zaidi. Kanyere akageukia barabarani. Lakini tundu lililoachwa na jiwe lilianza kuvuta hewa, fff... fff... likinuka kaburi bichi. Fundi Mathe aliyeongoza ujenzi wa ukuta huonya kila mtu: tundu haliachwi wazi, litajitafutia mtu. Kanyere akaokota jiwe lililokuwa karibu, akalishindilia kwa ngumi huku akipaza sauti:

"Ornella! Ornella, mutoto wangu, kuya! Niko hapa!"

Miguu ikanyamaza.

Aliita mara tatu. Barabara ilikuwa tupu. Mathe, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, akaja mbio na tochi.

"Mama Ornella, umefanya nini?"

"Nilitoa jiwe yake, Papa Mathe. Nikaziba na ingine."

"Sasa... wakati ulikuwa unaziba, uliita jina ya nani?"

Kanyere akaziba mdomo kwa viganja viwili. Mama mzazi alikuwa amemzika mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Akachokoa kwa panga mpaka ncha ikakatika, akaendelea kwa kucha. Mathe alisaidia akisali. Jiwe halikutikisika. Lilikuwa jiwe la barabarani tu, lakini usoni pake sasa palijikunja konokono.

Kisha ndani ya ukuta kitu kikagonga.

Ngo... ngo... ngo...

Mathe akatupa tochi, akakimbia. Kanyere akabaki, akaweka sikio ukutani.

"Mama," sauti ikanong'ona, "sababu ya nini umenifunga?"