Hakuchukua Ile Ndogo

Jumatano, mchana.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka mpira na kahawa iliyolala. Tolliver alitandaza mchoro wa duka la vito mezani.

"Ijumaa mzigo unaingia. Na sisi tunaingia nao. Mimi nadhibiti wafanyakazi, mzee Verlon anafungua kabati. Darla, wewe mlangoni, chuma chini ya shati. Asikione mtu mpaka ibidi."

"Sijawahi kumiliki bastola," alisema Darla. Alikuwa mgeni kundini. Dereva wao aliyefungwa ndiye aliyemleta.

"Basi leo unachagua. Mzee, mwonyeshe."

Verlon alishusha pumzi. Magoti yalimuuma, na moyo ulichoka kuliko magoti. Tangu Machi, Tolliver alipompiga risasi mlinzi kijana aliyekuwa tayari amelala kifudifudi, mzee huyu hakupata usingizi wa maana. Kazi hii hakuitaka. Kuikataa nako aliogopa, maana waliomkataa Tolliver walizikwa kwenye shimo la makaa ya mawe lililofungwa kule mlimani.

Akafunua taulo. Bastola tatu.

Verlon alikuwa amewachagulia wengi silaha ya kwanza: wapwa, mashemeji, hata mke wa pili. Wote kosa lao moja. Huchukua ile ndogo, inayojificha mfukoni. Wakienda kulenga makopo, inawarusha mkono na kuwaumiza, wanaitupa kwenye droo. Pale Kentucky nyumba gani haina droo hiyo?

Darla aliipita ile ndogo bila kuigusa. Akachukua ya kati, yenye uzito, akahakikisha kidole chake cha mwisho kimepata pa kushika. Akachomoa magazini ya risasi, akachungulia chemba kama imebaki moja ndani, kidole cha shahada kimenyooka ubavuni, mbali na kifyatulio. Mikono ilifanya yenyewe.

Verlon akatambua. Huyu alikuwa askari wa polisi.

"Hiyo itatuna kiunoni, dada," Tolliver alisema. Hakuwa anacheka. "Na mbona unaishika kama umezaliwa nayo?"

Darla alifungua mdomo. Verlon akamwahi.

"Nilimpeleka machimboni Jumapili akalenge shabaha. Ulitaka aje ajipige mguu mbele yako?"

Tolliver alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Mzee kapata mwanafunzi!"

Alhamisi, asubuhi.

Machimboni walipanga makopo. Tolliver alibaki garini anakula donati, macho kwao.

"Ulijuaje? Na kwa nini ulinificha?" Darla alinong'ona.

"Anayeanza huchukua ndogo, mama. Hilo hawakukufundisha." Verlon aliweka kopo la mwisho. "Sasa piga, na ukose. Anaangalia."

Darla akapiga, akakosa vibaya. Tolliver akapiga honi kumzomea.

"Bado unaweza kukimbia, mzee."

"Kwa magoti haya? Wewe hakikisha tu kesho hafi mtu mwingine. Yule kijana wa Machi alikuwa anamwita mama yake. Nimechoka kumsikia."

Ijumaa, saa nne asubuhi.

Waliingia. Tolliver akachomoa, akapiga kelele. Muuzaji akainua mikono taratibu mno, wala hakutetemeka. Tolliver akaelewa: huyo naye alikuwa polisi. Akageuka mlangoni, mtutu ukimtafuta Darla.

Verlon aliachia mfuko aliokuja nao wa kutilia vito, akaning'inia kwenye mkono wa Tolliver wenye bastola kwa uzito wake wote. Risasi ikavunja taa ya dari. Vipande vya kioo vikawamwagikia wote wawili, na Tolliver aliponyanyua kichwa, bastola ya kati ilikuwa nyuma ya sikio lake. Mkono ulioishika ulikuwa imara.

"Ulijua, mzee?" Tolliver aliuliza akiwa chini, pingu zikimbana. "Ulijua toka lini?"

"Jumatano."

"Nitakuzika, mzee! Nitakuzika kwa mikono yangu!"

Askari wakampeleka Verlon kwenye gari la polisi, damu ikimchuruzika kwenye paji la uso. Darla akainama mlangoni amwambie neno, akakuta mzee ameegemeza kichwa kwenye kioo cha upande wa pili, mdomo wazi, anakoroma.

Akaufunga mlango polepole, asimwamshe.