Zana Hubaki Mezani

Maiti ya fundi ilikuwa imelala chali kati ya geti ambalo halijamalizika na meza ya karata.

Inspekta hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni mwa karakana, macho yakatangulia, miguu ikangoja. Aliona mashine ya kuchomelea, mitungi ya gesi, na benchi iliyojaa vipande vya chuma chenye kutu. Aliona stuli mbili. Moja ilikuwa imepinduka. Ya pili ilikuwa imesogezwa nyuma taratibu, kama ya mtu aliyeinuka kwenda kunywa maji.

"Nani aliyemkuta?"

"Mteja mwenye hilo geti, Afande," koplo alijibu. "Alikuja asubuhi kulifuata. Anasema ameahidiwa tangu mwezi jana."

"Mafundi na ahadi zao," alisema daktari wa polisi, amechuchumaa kando ya maiti. "Huyu basi amemaliza za kwake. Pigo moja la kifaa butu, upande wa kulia wa kichwa, kutoka mbele. Fuvu limepasuka. Nakisia jana, Ijumaa, mchana. Na walikuwa wanatazamana."

Kifaa butu kilipatikana upesi. Nyundo ilikuwa ndani ya pipa la maji ya kupozea chuma, imeoshwa ikatakata.

Inspekta aliinamia meza. Karata zenyewe hazikuwa zile za wafalme na malkia. Zilikuwa za picha, kila moja ndani ya kifuko cha plastiki. Upande wa marehemu yalikuwapo mazimwi yenye pembe. Upande wa pili zilipangwa karata tatu: upanga, kofia ya chuma na ngao. Kando yake, peke yake, picha ya mwanamke aliyeshika bendera.

"Piga picha kila kitu," alimwambia koplo. "Halafu karata zote ziende kwa mtaalamu wa alama za vidole."

Nje, mama wa marehemu alikuwa ameketi kizingitini mwa nyumba iliyokuwa ua mmoja na karakana. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Alikuwa ameshika pindo la shati la mwanawe mdogo kama mtu aliyeshika kamba ya ndoo kisimani. Mkono wa kulia wa kijana huyo uliishia juu ya kifundo. Sehemu ya shati iliyobaki ilikunjwa ikabanwa kwa pini.

"Pole, ndugu yangu. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kibandani kwangu, nauza vocha za simu. Tangu asubuhi," kijana alinong'ona, kilio cha mama kikimfunika sauti.

"Marehemu alikuwa anacheza na nani?"

"Wenzake wa karata. Hukutana Jumamosi kwenye duka la Mama Karata."

"Na wewe hucheza?"

Kijana alicheka, kicheko kikavu. "Afande, mtu mwenye mkono mmoja atachezaje karata? Nichanganye kwa meno?"

Koplo naye akacheka, kisha akaona haya.

Mama aliinua uso akautafuta uso wa Inspekta kwa sauti. "Mwanangu, nilizaa wawili. Mmoja mmemfunika shuka. Huyu mniachie."

"Hakuna anayemchukua, mama," Inspekta alisema, na papo hapo akajuta. Askari hapaswi kuahidi kitu asichokishika mkononi.

* * *

Mama Karata aliuza madaftari, kalamu na karata za mchezo. Nyuma ya duka lake palikuwa na meza kubwa ya watu wanne. Aliposikia habari alikaa juu ya katoni akajipepea kwa kifuniko cha boksi.

"Huyo fundi, jamani! Alicheza na mazimwi yake tangu aanze. Mwaka huu akaanza kuunda fungu lingine. La zana."

"La zana ni nini?"

"Mapanga, ngao, viatu vya vita. Unakuwa na jemadari wako dhaifu tu, unamvalisha. Akishavaa, anasimama na jitu. Na alitaka liwe la bei chee. Karata tulizotupa sisi, yeye anaziokota. Tukamtania, tukamwita Jalala. Anacheka tu. Anasema, hili si langu, namuundia mtu wangu."

"Mtu gani?"

"Tulidhani mwanamke. Nikamwambia, baba, mwanamke mpelekee kitenge."

Saa hiyo hiyo simu ya Inspekta ililia. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kumkamata mtu: dereva wa teksi, mmoja wa wale wa meza ya Jumamosi, waliyemwita Profesa kwa sababu ya maneno mengi. Kwenye simu ya marehemu kulikuwa na ujumbe wake wa sauti: *Jumamosi nakuua, Jalala, na mazimwi yako nayachoma.* Na Ijumaa mchana alikuwa amelala ndani ya gari lake, bila shahidi hata nzi.

"Kesi imeiva," mkuu alisema. "Ni kuipakua tu."

Profesa aliletwa chumba cha mahojiano amevaa kandambili mbili za kushoto. Za kwake zilikuwa zimeibwa mahabusu.

"Ulisema utamuua."

"Kila Jumamosi nasema! Namuua, naye ananiua, kisha tunakunywa soda. Afande, mimi hata kuku nachinjiwa."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi wa karata. Nina karata za gharama, yeye ana takataka, na takataka zake zinanipiga. Wewe ungefurahi?"

Inspekta aliweka picha ya meza mbele yake. Profesa aliivuta karibu akaiinamia. Kisha akagusa karata tatu kwa kidole.

"Aliyekaa huku si mgeni wa mchezo."

"Kwa nini?"

"Huyu mwanamke wa bendera ndiye jemadari. Ameuawa, ndiyo maana yuko pembeni, pale ni makaburini. Lakini angalia zana zake. Zimebaki mezani. Hiyo ndiyo sheria: mvaaji akifa, zana hazifi. Zinamngoja mwingine azivae. Kila anayejifunza hukosea hapo, anazika kila kitu pamoja. Mimi mwenyewe nilizika kwa miezi. Mtu akishaizoea sheria hiyo, ukikosea mbele yake hawezi kunyamaza. Atakurukia."

"Kwa hiyo marehemu alimfundisha mtu."

"Kwa muda mrefu. Na kwa siri." Akafuta macho kwa bega. "Nitatoka lini, Afande? Gari si langu."

Inspekta alichukua picha yake akatoka.

* * *

Ripoti ya alama za vidole ilikuja fupi. Karata za mazimwi: vidole vya marehemu, mikono yote. Karata za zana: vidole vya marehemu, vichache, na vya mtu mwingine, vingi sana. Vya mkono wa kushoto tu.

Koplo aliisoma mara mbili. "Labda mkono wa kulia alishika soda."

"Labda," Inspekta alisema, ila alikuwa anafikiria shati lililobanwa kwa pini.

Alirudi karakanani peke yake. Alisimama mbele ya benchi ya vyuma chakavu akatazama bila kugusa. Kila kipande kilikuwa na kutu na makali ya msumeno. Isipokuwa kimoja, kilichosukumwa katikati ya vingine. Bati nene lililokunjwa kama kitanda kidogo, lina mfereji mmoja mrefu. Kingo zake zilipigwa tupa hadi zikawa laini kama mdomo wa kijiko. Chini yake palibandikwa mpira wa tairi la baiskeli ili lisiteleze mezani.

Alitoa mfukoni kitambulisho chake akakichomeka mferejini. Kikasimama wima, kikamtazama.

Ni kishikio cha karata. Cha mtu asiye na mkono wa pili wa kuzishikia.

Mama alimsikia akivuka ua akamwita ndani. Alimpa chai isiyo na sukari ya kutosha, akaomba radhi kwa hilo, kisha akaanza kusema. Hakuulizwa. Upweke ulikuwa unamsemesha.

"Wanangu hawa walikuwa hawaongei, unajua? Tangu ile mashine ya kukatia chuma imkate mdogo. Alitoa kinga ya mashine apate kuharakisha kazi. Haraka yake hiyo! Nilimsema sana. Basi akawa mtu wa kununa, na kaka yake akawa mtu wa kumkwepa. Miaka. Mwaka huu Mungu akanikumbuka. Kila Ijumaa mchana mdogo anafunga kibanda, wanajifungia karakanani. Sijui wanafanya nini humo. Lakini nasikia wanacheka."

Inspekta aliweka kikombe chini polepole.

"Na Ijumaa hii, mama?"

"Hata hii! Nilikuwa naenda kliniki ya macho. Nikifunga geti, nawasikia wanacheka wote wawili. Niliporudi, mdogo akaniambia kaka yake amepeleka kazi mbali, atalala huko." Alitabasamu kidogo. "Walau alikufa wamepatana."

Chai ilipoa. Inspekta alifikiria Profesa na kandambili zake za kushoto. Alifikiria pia jinsi ingekuwa rahisi kukirudisha kile chuma katikati ya vyuma vingine. Nani angejua? Akainuka, akaaga, akaondoka nacho kwenye mfuko wa ushahidi.

* * *

"Umesema karata huzijui," Inspekta alimwambia kijana.

"Sizijui."

"Hata hizi?"

"Nimeshasema, Afande."

Walikuwa wawili tu chumbani, koplo mlangoni. Inspekta alizipanga karata mezani, upande kwa upande, kama kwenye picha. Mwanamke wa bendera mbele. Upanga chini yake. Kofia. Ngao. Kijana aliangalia ukuta.

"Mimi ndiyo kwanza najifunza," Inspekta alisema. "Jemadari huyu amepigwa. Amekufa. Basi anakwenda makaburini." Akamsogeza. Kisha akakusanya karata zote tatu za zana kwa kiganja, akazisukuma zimfuate. "Na vitu vyake vyote."

"Si hivyo."

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kufika mezani, juu ya ngao.

"Zana zinabaki," alisema, kwa sauti ndogo. Alitazama vidole vyake mwenyewe kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Inspekta alitoa kishikio akakiweka kati yao. Kijana alipokiona, aliiacha ngao akakivutia kwake.

"Alikitengeneza yeye," alisema. "Alipiga tupa usiku na mchana. Alisema hataki kinikwaruze. Alisema nikishaiva atanipeleka mezani Jumamosi, niwakomeshe."

"Ijumaa ilikuwaje?"

"Tulikuwa tunacheka. Nilikuwa karibu kumshinda. Akamuua jemadari wangu, nikaacha zana mezani, nikangoja. Akaangalia ile ngao. Akasema, 'Unaona, mdogo wangu, mtu akienda kinga yake inabaki.' Kisha akaanza kulia. Namuuliza, kaka, vipi? Akasema, 'Kinga ya ile mashine niliitoa mimi. Asubuhi ile, kabla hujaja. Nikaogopa kusema.'"

"Ukafanya nini?"

"Kwanza sikufanya kitu. Nilikuwa nakumbuka. Mama akisema haraka yangu. Ajali ilinifutia asubuhi ile yote; waliposema kinga niliitoa mimi, niliamini. Mchumba wangu akisema hawezi kuolewa na mtu mzembe. Mimi mwenyewe kila asubuhi nikifunga pini hii kwa meno, najitukana. Mtu anazoea kujitukana, Afande. Inakuwa kama kunawa uso. Halafu yeye analia, na mikono yake miwili ameiweka usoni. Nikaona ile mikono. Nyundo ilikuwa hapo hapo."

"Alikuwa anakuomba msamaha."

"Najua."

"Fungu lote hilo, mwaka mzima. Ndiyo ilikuwa njia yake."

"Najua! Angenyamaza tu. Ningekuwa mjinga, lakini ningekuwa na ndugu." Aliufunika uso kwa mkono mmoja, haukutosha kuufunika. "Nani aliwaambia kuhusu Ijumaa?"

Inspekta alianza kuzikusanya karata. Kijana akaelewa.

"Usimwambie mama," alisema. "Afande, nakuomba. Kila kitu nitasaini. Usimwambie kuwa ni yeye."

* * *

Profesa aliachiwa mchana huo. Alikuta teksi imekwisha kupewa mtu mwingine.

Siku iliyofuata mama alifika kituoni, ameongozwa na jirani. Alikataa kiti. Alipapasa meza ya Inspekta mpaka vidole vyake vikakutana na mfuko wa plastiki, na ndani yake kile chuma. Akakifuata kingo kwa kingo.

"Hii ni tupa ya mkubwa wangu," alisema. "Hakuwahi kulainisha kitu namna hii. Ya nini?"

"Ya mchezo, mama."

"Wamenieleza aliyofanya mdogo. Siwezi kusema hakufanya. Sikuwepo, na macho sina." Alivuta pumzi. "Lakini lipo jambo moja nataka hakimu alijue. Labda litamsaidia. Walikuwa wanacheka, mwanangu. Ijumaa ile ile, nimewasikia kwa masikio yangu. Mliliandika hilo?"

Koplo aliinamisha kichwa.

"Tuliliandika, mama," Inspekta alisema.

"Mliandike vizuri."

"Tuliliandika la kwanza."

Mama aliitikia kwa kichwa, akaonekana kutulia. Akageuka, akamtafuta jirani kwa mkono, akatoka polepole akigusa ukuta.