Bamba la Kigari cha Alfhild

Kila Jumanne Alfhild alioka mkate wa iliki. Aliuweka kwenye kiti cha kigari chake cha theluji, akaenda kunywa kahawa na wenzake kwenye ukumbi wa kanisa. Kigari hicho hakina magurudumu. Kina vyuma viwili virefu vya kuteleza. Mguu mmoja unakanyaga chuma, wa pili unasukuma barafu. Kwa mtu wa miaka sabini na sita, barabara ya Januari haipitiki bila hicho.

Basi bamba linaloshika mpini likavunjika. Jumanne mbili zikapita. Alfhild alioka, akala kipande kimoja, uliobaki akawapa ndege. Simu haikulia. Mumewe Rune, aliyekuwa akitengeneza kila kitu, alikuwa amefariki, huu ukiwa mwaka wa tatu.

"Nitalichora mwenyewe," Alfhild aliiambia birika.

Alikuwa amejifunza kuchora kwa kompyuta pale maktaba. Alipima bamba lililovunjika kwa kipimio cha Rune. Akachora kama Rune alivyochora kwenye karatasi: nusu ya ukubwa, ili namba zipate nafasi pembeni. Vipimo vya kweli aliviandika kwa herufi safi. Akatuma mchoro kwenye karakana ya chini ya kilima.

Alhamisi akaja Jerker, fundi wa mashine. Bamba jipya alilokata lilienea kiganjani mwake kama biskuti.

"Bibi Alfhild, panya wako wanaendesha kigari siku hizi?"

"Namba si nimeandika? Mia moja na ishirini. Au macho yako yako likizo?"

"Nilidhani ni la kigari cha mjukuu."

"Sina mjukuu, Jerker."

Jerker alivua viatu mlangoni, akaja kuketi.

"Nisamehe. Ningeuliza kwanza. Unajua, mzee Rune alileta karatasi, nasi tukasoma namba. Mashine ya sasa ya kukata haisomi. Inafuata mstari tu. Ukichora sitini inakata sitini, hata uandike elfu."

Alfhild akafungua kompyuta yake.

"Chora kwa ukubwa wa kitu chenyewe, kwa milimita," Jerker alisema. "Halafu ona hapa. Mstari wa nje haujafunga. Pengo ni kama unywele, mimi nililiziba. Usipofunga, mashine haijui ndani ni wapi na nje ni wapi."

"Na matundu ya bolti?"

"Bolti ni ya milimita nane, tundu liwe nane na nusu, ipite bila kugombana. Mchoro una matabaka, kama karatasi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Matundu ya kutoboa yaweke kwenye tabaka lake, peke yake. Mistari ya kukata iwe kwenye tabaka jingine."

"Peke yake," Alfhild alisema. "Hilo nalijua."

Jerker alikohoa kidogo. Akaonyesha uwazi wa katikati ya mchoro, mahali mti wa mpini unapopita. "Hapa umechora kona kali. Kisu cha mashine ni cha mviringo, kinazunguka. Kwa ndani hakiwezi kuacha kona kali. Pinda kila kona kwa mviringo wa milimita nne. Mti nao uupige msasa kwenye pembe, utaingia."

Alfhild alichora upya kwa mkono wake. Jerker alikunywa kahawa, hakugusa kitu. Kabla ya kutuma, Alfhild alipima kwenye kioo cha kompyuta, ukingo hadi ukingo. Mia moja na ishirini.

Jumatatu bamba lilifika. Bolti nne zilipita kwa vidole tu.

Jumanne, ukumbini, rafiki yake Hjördis alisogeza kikombe. "Tulidhani umehamia kwa dada yako."

"Mbona hukupiga simu?"

Hjördis alitazama kahawa yake. "Nilikuwa nangoja mtu anipigie mimi. Nikazoea hivyo."

Alfhild alikata mkate, akampa kipande cha pembeni, chenye sukari nyingi.

Wakati wa kurudi, Hjördis aliketi kwenye kiti cha mbele, kikapu kitupu cha mkate magotini. Nyumba ya Hjördis ilikuwa njiani, miaka yote hiyo. Alfhild alisukuma. Kigari kilikuwa kizito kuliko alivyozoea, na bamba halikutikisika.