Mwanamke Ndani ya Santuri

Mwanamke alikohoa kati ya wimbo mmoja na mwingine. Annonciata akainua sindano ya gramafoni, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Kikohozi kilekile, kikavu, cha mtu aliyekaa siku nyingi bila tone la maji.

Kazi yake katika kiwanda kidogo cha santuri huko Haltom City ilikuwa kusikiliza santuri za majaribio kabla hazijachapwa kwa wingi. Alijifungia kwenye kibanda kisichopitisha sauti, hedifoni masikioni, akitafuta mikwaruzo. Charlotte, mwenye kiwanda, alikuwa na wazimu wa muziki wa roki wa zamani wa Uholanzi, bendi ambazo hata Waholanzi wenyewe walishazisahau, naye alizitoa upya. Kanda ya kale iliyonakiliwa kwenye santuri hii ilipatikana chini ya sakafu ya nyumba iliyokuwa ikibomolewa. Kwenye picha ya jalada, wanamuziki wote walikuwa wanaume.

"Kuna mwanamke humu," Annonciata alimwambia.

Charlotte akavaa hedifoni, akatikisa kichwa kwa raha. "Simsikii. Ni gitaa tu. Si tamu?"

Santuri ya pili ya majaribio ilipokuja, kikohozi kilikuwa kimesogea hadi nyuma ya sikio, na kibanda kilinuka udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi. Annonciata akatoka kumtafuta Fébronie, Mrundi aliyefunga maboksi pale kiwandani, mama wa maombi ambaye wakimbizi wa mtaa mzima walimkimbilia kila mtoto wao alipopiga kelele usingizini.

"Mama Fébronie," alinong'ona, "kuko mtu ndani ya ile santuri."

"Amesema kitu?"

"Hapana. Anakohoa tu."

"Akisema, usimjibu. Unanisikia, mwanangu? Hata akikuita kwa jina la nyumbani."

Annonciata alitamani kukataa kuisikiliza tena. Lakini kazi yake ya awali kwenye ghala la mizigo ilikuwa imeshamharibu mgongo, na kiti kile cha kusikilizia alikipata kwa shida.

Santuri ya mwisho ya majaribio aliiweka mchana, jua likiwaka nje. Gitaa zikazunguka, zikalialia kama mgonjwa wa homa, zikanyamaza. Kisha mtu akasema, kwa Kiswahili cha kwao Uvira, kwa sauti ya marehemu mama yake: "Nonsi, mwanangu, ni wewe?"

Jibu lilimtoka kabla hajafikiri. "Ndiyo, mama."

"Asante," sauti ikasema. "Nimechoka kukaa humu."

Annonciata akavua hedifoni, lakini pumzi ya ile sauti iliendelea masikioni, akaukimbilia mlango, akaufungua, akajikuta anaingia kwenye kibanda kilekile, kiti kilekile, udongo ukinuka, akaufungua tena na tena, kila mara kibanda, kila mara kiti, mpaka akaliangukia dirisha la kibanda na kulipiga kwa ngumi ambazo hazikutoa sauti yoyote, na ng'ambo ya kioo akajiona mwenyewe, ameketi, macho wazi, midomo ikicheza kwa Kiholanzi.

Akamwona Fébronie akiingia mbio, Charlotte nyuma yake. Fébronie akaushika ule mwili mabegani.

"Toka! Kwa jina la Yesu, mtoke!"

"Niko hapa, mama!" Annonciata alipiga kelele. "Huyo si mimi!"

Mwili ukatetemeka, ukakohoa mara moja, ukainua uso.

"Mama Fébronie," ukasema kwa sauti ya Annonciata, "asante. Ameondoka."

Fébronie akamkumbatia, akalia kwa furaha. Kisha akaonyesha santuri iliyokuwa bado ikizunguka. "Hiyo kitu ivunjwe. Leo hii."

"Nipeni mimi," akasema yule mwanamke taratibu. "Ni mimi iliyemtesa. Nitaivunja mwenyewe."

Hakuna aliyembishia. Annonciata alimwita Fébronie, alimwita Charlotte, alimwita hata marehemu mama yake, akigonga, akikwaruza, mpaka koo likakauka akabaki anakohoa. Fébronie akageuza kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia kitu.

"Kuko nini?" yule mwanamke akamuuliza.

"Hakuna kitu," Fébronie akasema. "Twende ukapumzike."

Mkono ambao Annonciata aliujua vizuri, wenye pete ya ndoa yake, ukainua sindano. Ukaifuta santuri vumbi, ukaitia katika jalada lake pole pole, na giza likaingia.